Programu ya Tadei imemkimbia askari wa mwisho

Suzana, upo? Tadei ameaibika vibaya. Tumetoka shuleni muda si mrefu.

Ile programu yake ya chesi imepigwa na Mwalimu Lidwina, mbele ya Sista mkuu wa shule. Na Sista alishaahidi: isipopigwa, Tadei anapewa klabu ya kompyuta.

Sare ilikuwepo, dada, mchezo uishe bila mshindi! Mwalimu alibaki na mfalme, farasi na askari mmoja. Programu ilibaki na mfalme tu, ila kwa hatua tatu mfalme huyo angemla yule askari, na farasi peke yake hawezi kumaliza mchezo.

Mfalme akageuka akaenda zake. AKAENDA ZAKE!

Mwalimu mwenyewe akashangaa: "We Tadei, mbona mtu wako anakimbia chakula? Mimi nilishakubali sare."

Unakumbuka alivyofurahi wiki iliyopita kwamba inafikiri haraka kwenye ile laptop kuukuu? Aliiamuru, mwisho wa hesabu zake, isiangalie kabisa kete yoyote ambayo hata ikiliwa haizibi pengo la pointi. Askari ni pointi moja, farasi tatu; hazibi pengo. Ikamwacha.

Akaomba, "Sista, ni mstari mmoja tu wa programu, nipe dakika mbili."

Sista akajibu kwa upole kabisa, "Mwanangu, watoto wameisubiri hiyo klabu tangu Januari." Akaifunga laptop.

Sasa tumekaa mtaani, hapa Majengo. Ameshaurekebisha, ameurudia mchezo uleule. Mfalme kaenda moja kwa moja, kamla askari. Sare.

Ameniuliza, "Sasa tumwonyeshe nani?"

Ndiyo nikakuandikia wewe.