Mafuta ya Nazi kwenye Dashibodi

Kona ya Musa, Ukunda
Jumatatu

Dada yangu Twaiba,

Shikamoo. Assalaamu alaykum warahmatullah. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Mkongani, wewe na watoto, na lile jino la Hasina limeacha kumsumbua. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi, ila joto linatukaanga. Najua utashangaa kuona karatasi, na simu ninayo. Kwenye simu ungeisikia sauti yangu, nami ningekimbilia kukuulizia kuku, kama nilivyofanya mara mbili nilipokuja kwako na neno hili moyoni.

Nianze na gari. Uliniagiza nilisafishe ndani gari la marehemu shemeji Chande, lililotengenezwa baada ya ajali, Garama aje kulinunua Alhamisi, na ukasisitiza niipake dashibodi yale mafuta yangu ing'ae kama siku ya harusi. Nimelisafisha, dada. Nilitumia kitambaa laini na maji yenye sabuni kidogo tu, maana sabuni kali huikausha ile ngozi ya plastiki mpaka ikapasuka. Mishono ya viti nikaipitishia mswaki, nikakausha vizuri, nikaliegesha kivulini. Mwaka wa kumi huu naosha magari, dashibodi hainishindi.

Hii ikanishinda. Kivuli kilipohama na jua kuipiga, katikati ya dashibodi ukazuka mkono. Mkono wa kulia, kiganja na vidole, unang'aa mafuta, na gari zima linanuka nazi. Nikaufuta. Adhuhuri ukarudi. Kesho yake nikaufuta mara nne, ukarudi mara nne, palepale. Mangi, ninayefanya naye kazi, alinicheka, akasema ni joto tu linatoa mafuta ya zamani yaliyonyonywa na plastiki. Alipouona mara ya tatu akaacha kucheka, akasema marehemu anaomba dua. Tangu hapo halisogelei gari, na chai yake anainywea ng'ambo ya barabara.

Nami nikaamini. Nikakaa kiti cha abiria nikasoma Yasini. Katikati ya kusoma nikautazama vyema. Dada, wewe unaujua mkono wa mumeo kuliko mtu yeyote. Kidole chake cha shahada cha kulia kiliishia nusu, kilichukuliwa na msumeno. Huu una vidole vitano kamili. Nikauweka wangu juu yake, ukaenea, hata kovu la chini ya kidole gumba. Nilipotaka kuuondoa, plastiki ikaning'ang'ania, ina vuguvugu kama ngozi ya mtu mwenye homa. Wallahi sisemi uongo.

Sasa nikwambie lililonileta. Siku ile ya ajali shemeji alikuwa anakwenda Msambweni kunichukulia bibi harusi wangu, Esha. Dawa ya kulinda plastiki, ile isiyong'aa, ilikuwa imeniishia, na mama alikuwa ameshapika mafuta ya nazi ya kumpelekea mkwewe. Nikasema, kila cha harusi hupakwa nazi, gari nalo lina dhambi gani? Nikachota kwa kiganja, nikaipaka dashibodi nzima kwa mkono mtupu mpaka ikawa kioo. Na nilijua, dada. Kazini nilifundishwa siku ya kwanza kwamba dashibodi haing'arishwi kwa mafuta, kwa sababu jua la alasiri hudunda juu yake likajaa kwenye kioo cha mbele, dereva asione njia. Nilijua, ila nilitaka watu wasifu.

Muuguzi alituletea maneno ya mwisho ya shemeji, kwamba mbele kote kulikuwa kweupe. Wewe ukasema ameiona nuru, na mwaka mzima umelala na neno hilo. Kwenye arobaini ulilirudia ukitabasamu, nami nikaitikia amin, haya sina. Haikuwa nuru, dada yangu. Ilikuwa dashibodi niliyoipaka mimi.

Ningenyamaza mpaka kaburini, lakini jana alasiri nililiendesha mwenyewe kuelekea Msambweni. Plastiki ilikuwa kavu, niliikagua kwa kidole. Kabla ya ule mnazi aliougonga, kioo kikajaa weupe, hata mikono yangu kwenye usukani sikuiona. Nikasimama, nikalia, nikarudi polepole. Garama nimemwambia asije. Wala sitaipaka mafuta tena, hata ukiniamuru.

Wabusu watoto. Esha anakusalimu, hajui lolote, wewe ndiye wa kwanza. Ukitaka kuja kunitukana, njoo, nitakukalia kitako nisikilize. Ukishindwa kunisamehe sitakulaumu.

Chini ya jina langu utaona alama ya mafuta. Kabla ya kushika kalamu nilinawa kwa sabuni mara tatu, na nyumbani hatujanunua nazi wiki nzima. Ihesabu vidole.

Mimi nduguyo,
Swabir