Chupa ya Wageni

Jumamosi, Stratford

Hata sielewi hasira hizi ni za nini. Leo pale Chinatown, mtaa wa Wachina, kwenye duka la vitu vya zamani, nimeiona chupa ya chai kama ya marehemu mama, ileile ya bati yenye maua mekundu, imefungiwa kwenye kabati la kioo.

"Hii ni ya kwetu Tanga," nikamwambia mwenye duka, mama mmoja wa Kichina.

Akacheka. "Ya kwetu. Mama yangu aliitoa wageni wakija tu."

Mama naye hivyohivyo. Sisi watoto hatukuruhusiwa kuigusa. Baada ya arobaini yake, tulipogawa vyombo, mimi ndiye niliyesema imechakaa, itupwe.

Akafungua kabati. "Ishike tu."

Nina miaka hamsini na mbili. Nikaficha mikono nyuma.