Sufuria la Mtaa

Mwenzangu, pokea simu! Nimetapika mpaka nyongo.

Lile sufuria kubwa la mtaa, tulilopikia wali leo kwenye kikao cha majirani? Mfuniko ulisahaulika, nikaupeleka kwa Mama Geti Jekundu, si ndiye anayetutunzia vyombo. Nimemkuta uani anamwogesha mbwa. NDANI YA SUFURIA! Mbwa kajikalia humo kama bwana harusi, povu mpaka masikioni.

Nikasema, "Jirani, hilo si sufuria letu?"

Eti, "Ndilo. Linamtosha vizuri."

Linamtosha vizuri!!!

Nikamuuliza kama ndiyo mara ya kwanza. Akanitazama kama mimi ndiye mwendawazimu. "Kila wiki, jirani. Lakini natumia sabuni ya mtoto, halafu nalisuuza."

Analisuuza!! Na mimi niliongeza sahani ya pili. Nikasifia mbele za watu eti wali unanukia!

Manyoya, mwenzangu. Yameganda ukingoni, nimeyaona kwa macho yangu haya.

Sasa ngoja. Ule ukoko uliofungashiwa, si ulisema unampelekea mama mkwe?

Nijibu haraka. Ameshaula?