Kitasa cha Sanduku Kilichoingia Katika Wimbo

Nyumba ya Kona,
Nyuma ya Kiwanda cha Sabuni.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa mpwa wangu,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini kifua kimepona, na kwamba unakula chakula cha moto, si mikate ya kula umesimama dirishani. Mimi ni mzima. Magoti tu ndiyo yaliyotangulia kuzeeka. Mama yako naye ni mzima, ila ana jambo moja moyoni, nalo ndilo lililonikalisha kuandika.

Wimbo wa zamani unaousafisha ili utolewe upya umetufikia katika simu ya dada yako. Kazi ni nzuri, nakusifu. Mwimbaji anasikika kana kwamba ameketi sebuleni kwetu. Lakini katika ujumbe wako unasema umeiondoa "kelele ya chuma" iliyosikika kila mwisho wa mstari. Hapo umekosea, wala sikulaumu, kwa kuwa hukuambiwa.

Mama yako alikuwa fundi cherehani wa bendi iliyouimba wimbo huo. Siku ya kurekodi aliwapelekea sare mpya, nami kaka yake nikatumwa na babu yako kumsindikiza na kulibeba sanduku la mbao la nguo. Tulikuta ngoma imepasuka, wimbo mmoja umebaki, na mwenye studio anataka chumba chake. Mpiga ngoma alikuwa ameketi sakafuni kama mfiwa.

Mama yako akaliburuta sanduku hadi kwenye kipaza sauti, akaanza kulipiga kwa viganja.

"Dada, toka humo! Ngoma imekufa!" fundi mitambo alifoka.

"Imekufa ngoma, mimi nimekufa?" alimjibu. "Washa mashine yako, shemeji, acha domo."

Shemeji! Nami nimesimama pale pale!

Walicheka, wakarekodi mara moja tu. Suruali zilikuwa bado sandukuni, ndiyo maana mdundo ule ni mzito. Na kitasa cha sanduku kilicholegea kikawa kinamwitikia kila mwisho wa mstari, chach! Baadaye wapiga ngoma wa bendi nyingine walizunguka madukani wakitafuta ngoma yenye sauti ile. Hawakuipata, kwa sababu walikuwa wakitafuta ngoma.

Babu yako alifariki akiamini kwamba binti yake alikwenda kupima mashati tu. Mama yako akazoea kunyamaza, hata alipokuwa hana tena wa kumwogopa. Muziki wa dansi siupendi, unajua; lakini ushujaa kama ule sijauona tena.

Jana aliusikiliza wimbo wako wote. Mikono yake, ambayo siku hizi haiwezi hata kupitisha uzi kwenye sindano, ilikuwa ikipiga mapajani; kila wimbo ulipofika mwisho wa mstari, ilisita.

"Umekuwa mzuri," alisema. "Lakini mimi simo."

Unaukabidhi wimbo huo wiki hii. Sikuombi, nakuagiza: mrudishe mama yako.

Dada yako na mumewe wanakusalimu, na jirani yetu fundi saa pia. Mama yako hajui kwamba nimeandika, lakini salamu zake huwa hazikauki. Mungu akulinde huko uliko, akujalie mikono isiyoogopa kama yake.

Ni mimi nikupendaye bila kupunguza ukali,
Mjomba wako, mbeba sanduku.