Siku Hoteli Ilipogeuzwa Nyumba ya Wageni

Kirumba, Mwanza
Jumapili ya mwisho ya Agosti. Leo natimiza miezi kumi na moja tangu niondoke Muleba.

Mke wangu Mama Koku,

Goti lako linaendeleaje? Na Koku, kikohozi kimekwisha? Mimi mzima. Nakula, nafanya kazi, nalala. Zaidi ya hapo siku hizi sisikii kitu, hata harufu ya dagaa wa soko la Mwaloni haifiki tena puani.

Naandika kwa sababu kwenye simu nikianza habari za kazi unalia kabla sijamaliza.

Nilikwambia kuwa kisheria hoteli ina kima chake cha chini cha mshahara, na nyumba ya wageni ina chake, kidogo zaidi. Hapa ni hoteli, ina ghorofa na mgahawa, lakini sisi tulilipwa kile kidogo. Mpishi wetu, Mama Pendo, akaenda kwa afisa kazi. Afisa akasema atakuja kuona.

Bosi akapata habari. Jumatatu asubuhi akanipa ngazi na rangi.

"Baba Koku, futa hilo neno Hoteli pale kwenye kibao. Andika Nyumba ya Wageni."

Nikapanda. Herufi zilienda upande, akasema si neno. Mama Pendo akanipigia kelele toka chini, "Shemeji, ukimaliza niandike na mimi mgeni, nipewe chumba nilale!" Wenzangu walicheka. Mimi nilipaka tu. Kisha nikabeba meza zote za mgahawa nikazifungia stoo.

Afisa alifika rangi haijakauka. Bosi akamtembeza. "Hapa ni kulala tu, mheshimiwa. Hatupiki."

Mara mgeni mmoja akashuka ngazi, taulo begani. "Nyie, supu yangu ya sato mmempa nani? Nimeagiza tangu alfajiri!"

Afisa akaniangalia mikono, imejaa rangi. "Kaka, mnapika hapa?"

Mama Koku, nilikuwa nimechoka. Uongo nao ni kazi, unataka nguvu. Nikasema, "Tunapika, asubuhi mpaka usiku. Meza ziko stoo, nimezibeba mimi. Na kibao nimekiandika mimi leo."

Afisa akamwambia bosi kuwa sheria haisomi kibao, inaangalia kazi inayofanyika. Juzi tumelipwa kima cha hoteli, pamoja na malimbikizo yetu. Jana bosi akanipa notisi ya mwezi mmoja. Eti wateja wamepungua. Mama Pendo alilia kwa ajili yangu. Mimi nilimuuliza kama kuna ugali uliobaki. Afisa anasema naweza kulalamika. Labda. Sina hamu.

Sasa sikiliza. Mwaka jana tuliuza kahawa kwa hela kidogo ikiwa bado maua, mavuno yote yakaenda kwa mnunuzi, ndiyo sababu nikaja huku. Najua ameanza tena kupita mlangoni kwetu. Usipokee hela yake. Nilizolipwa zitatufikisha kwenye mavuno, tukibana.

Mwambie mama yako shikamoo. Kaka yangu mkubwa mwambie asipogoe migomba ya upande wa mtoni mpaka nije. Msalimie na yule shangazi anayekusaidia kuchota maji.

Notisi inaisha na Septemba. Siku inayofuata nitavuka ziwa kwa kivuko cha Kamanga asubuhi, na jioni nitakuwa mlangoni. Ukiona kahawa imechanua kabla sijafika, usiiuze, iache mtini.

Mumeo,
Baba Koku