Maneno Niliyowapa Wachezaji

Yeoville, Johannesburg

Dada yangu Mwajuma,

Shikamoo. Nakuandikia nimeegemea mto, maana moyo hauniruhusu tena kukaa wima kwa muda. Natumaini miguu yako imepungua uvimbe, na kwamba mvua za huko Ujiji hazijaharibu mahindi. Mimi daktari amenieleza bila kuficha: siku zangu ni chache. Sitaki kufa na uongo huu.

Mama alipofariki ulinipigia simu, nami nikampa mwanangu Yusufu akupe pole. Alinyamaza, kisha akakata. Ulipouliza, nilikujibu kuwa vijana wa huku wana kiburi. Ukaapa hatakanyaga kizingiti chako. Dada, hakuwa na kiburi. Hajui Kiswahili. Sikumfundisha, nikaona haya kukuambia.

Yusufu alipokuwa mtoto, nilikuwa kocha mkuu wa mpira wa kikapu pale chuoni. Makocha wa timu nyingine walielewa Kiingereza na Kizulu, kwa hiyo mimi nilipaza sauti kwa Kiswahili: "Mbane! Zunguka! Mwachie!" Wapinzani walibaki wakitazamana. Baada ya mazoezi niliwakalisha wale vijana wa Soweto nikawafundisha lugha yetu, mpaka salamu na utani. Tulishinda sana, nikasifiwa sana. Nilirudi nyumbani sauti imekauka, nikamwambia mwanangu kwa Kiingereza akalale.

Juma lililopita alikuja Themba, aliyekuwa nahodha wangu. Siku hizi ana mvi.

"Shikamoo, Kocha! Umelala tu? Inuka uzunguke uwanja!"

"Eish, Themba, nizunguke na moyo upi?"

Tulicheka. Kisha nikamwambia jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu yeyote, kwamba naogopa kufa.

Yusufu alikuwa amesimama mlangoni na uji wangu. Akamwuliza Themba kwa Kiingereza, "Baba amesema nini?"

Themba alinitazama kwanza. Halafu akamtafsiria.

Yusufu aliweka bakuli chini. "Amekwambia wewe," alisema. Aliketi kitandani akanishika mguu, na uji ukapoa.

Nikishazikwa, anataka kuja Ujiji aone nilikozaliwa. Nakuomba umfungulie mlango. Hasira yako ni haki yako, ila mwenye kuistahili ni mimi. Akikosa neno, msubiri.

Nisalimie shemeji yangu, fundi cherehani asiyemaliza nguo kabla ya sikukuu. Na binti yako Rehema, mwalimu wetu. Na Bi Tatu, jirani aliyemuuguza mama wakati mimi niko mbali. Nakuomba radhi, dada, ningali nikiweza kuomba.

Mdogo wako,
Hamisi

Maneno ya hapa chini ni ya Yusufu. Machache aliniuliza, mengine amejipangia mwenyewe. Sikusahihisha.

Shangazi, shikamoo. Mimi Yusufu. Siku ile nilisikia wewe unalia. Sikujua kusema. Pole kwa bibi.