Kisima cha Baba Katika Filamu

London

Mamangu mpenzi,

Shikamoo, tena shikamoo. Mimi mzima, kasoro kifua tu, ambacho baridi ya huku haikipi nafasi. Wewe je, goti limetulia? Na dada Mwanasha amejifungua salama? Barua yenu ya mwisho nimeisoma mpaka karatasi imelegea.

Kaa kitako, Mama, na anayekusomea asome polepole. Nimemwona baba.

Unajua kazi niliyoipata tangu niache meli. Ni ghala kubwa la filamu, kila filamu ndani ya mkebe wake wa bati. Vyumba huwekwa baridi, kwani filamu ikipata joto huharibika, na zile za zamani hata moto hushika upesi. Sisi huzikagua na kuzisafisha, na ile iliyoanza kuoza hunakiliwa kwenye filamu mpya kabla haijapotea. Wasomi wa historia huja wakaomba hii na ile, nasi huwaonyesha.

Hivi karibuni akaja mtafiti mmoja, Bi Margaret. "Naandika juu ya filamu zilizopigwa Pwani ya Kenya," akaniambia. "Nataka na vile vipande vilivyokatwa, ambavyo watu hawakuonyeshwa." Nikamletea mkebe, nikaipachika filamu kwenye mashine. Taa ilipowaka nikaona Likoni. Nikaona shamba letu, na kisima chetu.

Hujasahau usiku ule, Mama, wala mimi sijasahau. Lori la sinema limesimama uwanjani, Likoni nzima imekaa chini, na sisi mbele kwa fahari, maana Hamisi mkalimani alimwambia baba kwamba yule Mzungu anapiga picha ya mkulima hodari. Kumbe filamu ni ya maradhi. Baba akaonekana anateka maji ya takataka na panya mfu ndani ya ndoo, na sauti ikasema huyu ndiye mtu mchafu anayewaua jirani zake. Watu wakacheka. Kulipokucha hakuna aliyekuja kuteka maji kwetu. Wakamwita Baba Panya, mpaka akaona haya kwenda msikitini, akalala asiinuke tena. Alikufa akiapa wallahi kwamba panya yule hamjui, na ndugu zake wengine hawakumsadiki.

Sasa sikiliza yaliyomo katika vipande walivyovikata. Baba anateka maji, meupe kabisa, anayanywa mwenyewe na kumkaribisha mpiga picha. Halafu Hamisi anakuja na kikapu, anamwaga takataka kisimani. Kisha anamshika panya mfu kwa mkia, anamwonyesha mpiga picha huku akicheka, kisha anamtupa ndani. Baba anakuja mbio, anamshika Hamisi mkono. Hamisi anamsukuma. Ndipo baba anapochukua ndoo na kuanza kuutoa ule uchafu. Hicho cha mwisho ndicho walichotuonyesha.

Nikazima mashine.

"Una nini?" akauliza Bi Margaret.

"Yule ni baba yangu."

Akaniomba nimweleze yote, nami nikamweleza. Yeye ndiye aliyemtafuta mpiga picha, kwani anaishi huku huku. Akaja amevaa koti zuri, tukamwonyesha kazi yake. Alipomaliza kuitazama alikuwa anatokwa na jasho, na baridi yote hii. Akamwambia msimamizi wetu, "Hivi ni vipande vya kutupwa. Vichomeni."

Msimamizi wetu ni mtu asiyependa maneno. Akamjibu, "Hapa hatutupi kitu, bwana."

Basi akanigeukia mimi, akanyoosha mkono. "Nilidhani ni mchezo tu," akasema.

Mkono wake sikuupokea. Nikamwambia, "Mchezo wako ulimzika baba yangu. Filamu hii itaonyeshwa pamoja na jina lako kila atakapokuja mtu kuiomba, na kazi yangu mimi ni kuhakikisha haiozi."

Alitoka bila kuaga. Sikumwonea huruma, na hata leo sina.

Amebaki Hamisi. Mwanasha ameniandikia kuwa siku hizi anavaa suti na kuzunguka akiomba kura, eti uhuru ukija awasemee watu wa Likoni. Mwacheni, asiambiwe neno. Bi Margaret ametengenezewa nakala, naye anakuja huko na mashine yake ya kuonyeshea filamu, awahoji watu wetu. Atafikia kwako. Filamu ionyeshwe hadharani, na Hamisi aalikwe kama mgeni wa heshima, apewe kiti kizuri, mke na wanawe wakae ubavuni pake.

Najua utaniambia nisamehe. Nakusihi, Mama, safari hii usiniambie.

Nisalimie dada Mwanasha na shemeji. Nisalimie mjomba Bakari wa Mtongwe, aliyeendelea kunywa maji yetu watu wote walipoyakimbia. Na ami Suleimani, aliyemkana nduguye wa damu, mwambie naye asikose kufika.

Hamisi nasikia anaumwa na sukari. Katika sala zako mwombee uhai, Mama, na mwombee macho yake yasififie. Nataka aione yote.

Mwanao akupendaye,
Athumani